Mazungumzo ya Nyumbani: Tusiwalishe Wengine Tusichokula Wenyewe



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jembe. Huenda baadhi yenu mkasema: mwalimu wa madrasa ana nini na jembe? Jawabu ni kwamba katika milima yetu ya Usambara, mwalimu asiyelima hali. Ada tunayotoza watoto ni ndogo, wala hatupendi iwe kubwa, tusije tukamfungia mtoto wa maskini mlango wa Qurani. Kwa hivyo baada ya swala ya Alfajiri mimi hushika jembe, na baada ya Adhuhuri hushika msahafu. Wala sioni haya kwa hayo, kwani Mtume wetu s.a.w. ametufundisha kwamba hakuna chakula bora anachokula mtu kuliko kile alichokichuma kwa mikono yake mwenyewe, akamtaja Nabii Daudi a.s. kuwa mfano, ambaye alikuwa mfalme na huku akila kwa kazi ya mikono yake.

Lakini jembe si kazi ya mikono tu. Mimi nimesomesha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka huwafundisha hadithi zile zile za uaminifu. Katika msimu mmoja wa vuli, ule wa mwaka 2023, shamba langu mwenyewe liliniuliza kama na mimi nimezisoma hadithi hizo. Nitawasimulieni msimu huo tangu mwanzo wake, na aibu yangu ndani yake, huenda mkapata faida.

Shamba lenyewe ni dogo. Tuna nusu ekari bondeni karibu na mto, na juu yake ngazi tatu zilizochongwa kwenye mteremko, ambazo kingo zake zimepandwa majani ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wazee wetu kulima matuta ya kuhifadhi udongo katika milima hii, nao wakayachukia sana, kwa kuwa yaliletwa kwa amri na faini. Leo sisi wajukuu wao twachonga ngazi hizo kwa hiari yetu, maana tumeona wenyewe jinsi udongo mwekundu unavyokwenda na maji. Kazi ni hiyo hiyo. Kilichobadilika ni nia. Nanyi mwajua jinsi dini yetu inavyoipima kazi kwa nia yake.

Bondeni twapanda nyanya, kabichi na karoti. Katika ngazi za juu tuna matuta sita ya stroberi, yale matunda madogo mekundu yatambaayo karibu na ardhi, ambayo huzaa vizuri katika baridi ya milima yetu. Pembezoni umesimama mforosadi mmoja, nao hauna mwenyewe. Ndege hula, watoto wa madrasa hula wakapaka midomo na kanzu zao rangi ya zambarau, na mama zao huja kunilalamikia. Mimi huwajibu kwamba Mtume s.a.w. ametupa bishara ya kuwa Muislamu yeyote apandaye mti au mmea, kisha akala humo ndege, au mtu, au mnyama, basi huandikiwa sadaka. Mti ule ni daftari langu la sadaka, na kanzu zitafuliwa.

Kazi ya msimu ilianza mwezi wa Juni, masika yalipokwisha. Stroberi haipandwi kwa mbegu shambani. Mmea mama hutoa vikonyo virefu vinavyotambaa, na kila kikonyo huota mizizi kikawa mche. Mke wangu na binti yetu mdogo walivikata vile vyenye mizizi mizuri, wakavipanda kwa nafasi ya mguu mmoja baina ya mche na mche, kisha wakatandaza majani makavu chini yake. Matandazo hayo ni kitu muhimu: huhifadhi unyevu, huzuia magugu, na hulizuia tunda lisiguse udongo likaoza. Maua ya kwanza tuliyaondoa, ingawa yaliuma moyo, ili mche upate kwanza nguvu ya mizizi.

Ilipoingia Agosti, mvua hakuna, twategemea mfereji. Maji ya mfereji kwetu huenda kwa zamu. Kila nyumba ina siku yake. Hapa ndipo penye fitina ya kwanza ya mkulima. Mwenye shamba la juu hupenda kuyashika maji, na wa chini huja usiku na jembe akabomoa kizuizi. Wazungumzapo watu juu ya jambo hili mimi huwakumbusha kisa cha Zubayr r.a. na jirani yake Muanswari, walioshitakiana kwa Mtume s.a.w. juu ya maji ya kunyweshea mitende. Mtume alimwambia Zubayr, ambaye shamba lake lilikuwa juu, anyweshe kisha ayaachie maji yaende kwa jirani. Basi wa juu ana haki ya kutangulia, wala hana haki ya kuyafunga. Namshukuru Mungu kwamba msimu ule hatukugombana na mtu, ila mara moja tu, na aliyekosa alikuwa mwanangu mkubwa, aliyelala usingizi akaacha maji yetu yakipotea njiani hali zamu ya jirani imefika. Nilimpeleka kuomba radhi kwa miguu yake mwenyewe.

Mwezi wa Septemba tulisia mbegu za nyanya katika kitalu, na mwanzo wa Oktoba tukaihamisha miche bondeni. Kwa kazi ya kuchimba mashimo na kubeba samadi niliajiri vijana wawili wa jirani. Jioni ya siku ya kwanza sikuwa na fedha taslimu, nikataka kuwaambia wangoje mpaka Ijumaa. Mke wangu akaniuliza, je, jasho lao litangoja mpaka Ijumaa? Alikuwa akinikumbusha agizo la Mtume s.a.w. kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Nikaenda kukopa kwa jirani, nikawalipa kabla ya Magharibi. Waona, ewe msomaji, kwamba mwalimu pia huhitaji mwalimu.

Stroberi zilianza kuiva mwezi huo huo. Tunda hili lina tabia yake: likichumwa bichi haliivi tena ndani ya nyumba kama ndizi au embe, lazima uliache shinani mpaka liwe jekundu lote, kisha ulichume asubuhi na mapema, kabla ya jua kali, pamoja na kikonyo chake kidogo. Baada ya hapo lina siku mbili tatu tu, kisha huharibika. Kwa hivyo kila baada ya siku mbili wanawake wa nyumba yangu walikuwa shambani kabla ya jua, na kabla ya saa tatu binti yangu amekwisha yapanga matunda katika vikopo tayari kupelekwa mjini Lushoto, kwenye nyumba za wageni na sokoni.

Siku moja nikamtazama anavyopanga. Chini anaweka madogo na yaliyobonyea, juu anaweka makubwa yanayong'aa. Nikamuuliza, "Binti yangu, nani kakufundisha hivi?" Akasema, "Baba, wauzaji wote hupanga hivi. Mnunuzi mwenyewe anajua." Nikamkalisha chini nikamweleza kisa kilichomo katika Sahihi ya Muslim, jinsi Mtume s.a.w. alivyopita sokoni akatia mkono wake ndani ya fungu la nafaka, vidole vikakuta umaji ndani. Alipoambiwa kwamba ni mvua iliyonyesha, alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka umaji ule juu watu wakauona, kisha akajitenga na kila mwenye kudanganya. Yule mtu alikuwa na udhuru wa kweli, mvua ilinyesha. Lakini kosa halikuwa mvua, kosa lilikuwa kuificha. Binti yangu akavimwaga vikopo vyote akavipanga upya, makubwa mbali na bei yake, madogo mbali na bei yake. Nami nilijisikia mtu mwema sana asubuhi hiyo. Kumbukeni neno hili, kwani hapo mbele mtaona wema wangu ulivyokuwa.

Mwezi wa Novemba, nyanya zikiwa bado ni vidonge vya kijani, alikuja mchuuzi akataka kulinunua shamba zima lilivyosimama, alipe nusu papo hapo. Fedha ni tamu, na msimu ule tulikuwa na haja nazo, kwa kuwa binti yetu mkubwa yuko katika chuo cha uuguzi na salio la karo yake lilikuwa shilingi 350,000. Lakini nilikataa, kwani Mtume s.a.w. amekataza kuuza matunda kabla hayajadhihirika kuwa yamesalimika, akaeleza sababu yake kwa swali: ikiwa Mungu atayazuia matunda hayo, kwa haki gani mmoja wenu atachukua mali ya ndugu yake? Hekima ya katazo hilo niliiona kwa macho yangu kabla mwezi haujaisha.

Vuli ile haikuwa vuli ya kawaida. Ilikuwa mwaka wa El Niño, na mvua kubwa zilinyesha katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Tarehe 3 Desemba tulisikia maafa ya Katesh, chini ya Mlima Hanang, ambapo matope na mawe yaliteremka yakaua makumi ya watu. Mungu awarehemu. Sisi tulipata madogo: kipande kimoja cha ngazi kilimeguka, na kwenye nyanya ukaingia ukungu. Ugonjwa huu hupenda baridi na unyevu. Waona leo doa la rangi ya maji kwenye jani, kesho limekuwa jeusi, na wiki moja ikipita bonde zima linanuka uozo. Tulifanya yote tuyajuayo: tuliifunga mimea kwenye miti isilale chini, tukakata majani ya chini upepo upate kupita, tukayatoa yenye ugonjwa tukayafukia mbali. Hata hivyo tulipoteza karibu theluthi moja. Lau ningaliuza bonde lile mwezi wa Novemba, hasara hiyo ingalimwangukia yule mchuuzi, nami ningekuwa nimekula fedha yake kwa kitu asichokipata.

Mwishowe ilitubidi kutumia dawa. Jumanne, tarehe 26 Desemba, mwanangu mkubwa alivaa bomba mgongoni akapulizia bonde lote, isipokuwa mistari miwili iliyo nyuma ya jiko, ambayo huwa twaiacha kwa matumizi ya nyumbani. Karatasi ya dawa ilisema wazi kwamba mazao yasivunwe mpaka zipite siku saba. Niliisoma mwenyewe kwa sauti, mwanangu akasikia.

Alhamisi jioni, siku mbili baadaye, yule mchuuzi akarudi. Lori lilikuwa likiondoka Mombo usiku huo kwenda Dar es Salaam kwa soko la mwaka mpya, na nyanya zilikuwa adimu kwa ajili ya mvua. Akatoa bei ambayo sijapata kuisikia maishani mwangu: shilingi 40,000 kwa tenga. Tulikuwa na matenga kumi na manne tayari kuchumwa. Nikahesabu kichwani: shilingi 560,000. Karo ya binti imekwisha lipwa, na kinachobaki chatosha kuitengeneza ngazi iliyomeguka.

Nikamwambia kwamba tumepulizia dawa juzi. Akacheka kwa upole. "Mwalimu, nyanya huoshwa. Na hao wenzako wote bondeni unadhani wanangoja? Wewe peke yako ndiye utakayewaponya watu wa Dar es Salaam?" Mwanangu naye akasema, "Baba, siku mbili zimepita, na mvua imenyesha juu yake. Zitafika sokoni kesho, zitaliwa kesho kutwa. Huenda hata siku nne zikatimia." Nami, ndugu zangu, sikusema hapana. Nawakirini hapa mbele ya wasomaji wote: nilikuwa nimekwisha kubali moyoni, na nilikuwa natafuta tu maneno ya kukubali ambayo hayataniaibisha. Nilikuwa najiambia kwamba shida huhalalisha, na kwamba karo ya mtoto ni wajibu wa baba.

Wakati huo mke wangu alipita na bakuli la nyanya za kitoweo. Hakuwa amesikia mazungumzo yetu. Alimwamkia mgeni, akasema kwa kawaida yake, "Karibu mle pamoja nasi. Msiogope, hizi nimechuma nyuma ya jiko. Zile za bondeni bado zina dawa." Kisha akaingia jikoni.

Hakuna aliyesema neno. Mchuuzi alitazama chini. Mwanangu alinitazama mimi. Nami nikaliona lile bakuli, nikakumbuka hadithi ambayo watoto wa miaka minane huisoma mbele yangu kwa moyo, kwamba haitimii imani ya mmoja wetu mpaka ampendelee nduguye analojipendelea nafsi yake. Nilikuwa nimewatengea watoto wangu mistari miwili, nikawaona watoto wa watu wengine kuwa wanatosha kuoshewa kwa maji. Na kwa hakika dawa nyingine huingia ndani ya tunda lenyewe, wala haziondoki kwa kuoshwa. Ndiyo maana zikawekewa siku.

Nikamwambia mchuuzi, "Bwana, njoo Jumanne." Akaondoka kwa heshima, wala sina la kumlaumu, kwani kishawishi hakikuwa chake peke yake.

Jumanne, tarehe 2 Januari 2024, tulivuna. Kwa mvua ya siku tano hizo matenga kumi na manne yalikuwa tisa, na bei baada ya sikukuu ilikuwa imeshuka mpaka shilingi 22,000. Tukapata shilingi 198,000. Mwanangu alichuma siku nzima bila ya kusema nami. Nilimwacha, kwani alikuwa na haki ya kuhuzunika. Yeye ndiye aliyebeba bomba, yeye ndiye aliyefukia majani yenye ugonjwa katika mvua, na dada yake ndiye aliyekuwa akidaiwa karo. Sikumsomea hadithi. Mtu aliyepata hasara kwa ajili ya haki ahitaji kwanza kuachwa apumzike.

Huenda wengine wenu mwangoja niseme kwamba Mungu alitulipa mara moja, kwamba kesho yake alikuja mtu na fedha mkononi. Haikuwa hivyo. Tuliuza mbuzi mmoja, nikakopa kwa shemeji yangu bila ya riba, tukamaliza kulipa mwezi wa Aprili. Ngazi iliyomeguka tuliitengeneza sisi wenyewe kwa mikono. Malipo ya Mungu yako kwake, na anajua ni lini na wapi atayatoa. Si adabu kwa mja kumwekea Mola wake tarehe.

Lakini moja nililiona. Msimu uliofuata, nilipoingia ghalani, nilikuta daftari la shule limetundikwa kwenye msumari juu ya bomba. Ndani yake mwanangu alikuwa ameandika kwa mkono wake: siku ya kupulizia, jina la dawa, na siku ambayo kuvuna kunaruhusiwa. Hakuniambia, nami sikumuuliza. Daftari hilo lipo mpaka leo.

Basi, ndugu zangu, kutokana na msimu huo nataka kuwausieni mambo machache.

La kwanza, tukumbuke nani aoteshaye. Mwenyezi Mungu atuuliza katika Suratul Waqia juu ya hicho tukipandacho: je, ni sisi tukioteshao au ni Yeye? Mkulima huchimba, hutia samadi na hunywesha. Lakini hakuna mkulima aliyepata kuingia ndani ya mbegu akaifungua. Na ikiwa mazao ni yake Mungu kabla ya kuwa yetu, basi sisi tu wadhamini tu, na mdhamini hafanyi khiana.

La pili, kila mwenye kutumia dawa ya shamba na asome maandishi yake, na asiyejua kusoma asomewe. Siku zilizotajwa ni haki ya mlaji. Mtume s.a.w. ametuwekea msingi kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Na chupa za dawa zisitiliwe maji ya kunywa wala mafuta ya kupikia hata zikioshwa mara saba, wala bomba lisioshewe mfereji ambao jirani wa chini anateka humo maji ya udhu.

La tatu ni juu ya wanunuzi. Nimesema makosa ya wakulima. Sasa tuseme haki yao. Kuna mtindo uitwao lumbesa, ambapo mchuuzi hujaza gunia la kabichi au viazi, kisha akashona juu yake kilemba cha wavu na kukijaza tena, na yote hayo akayaita gunia moja. Sheria ya nchi yetu imelikataza jambo hilo, na kabla ya sheria hiyo Mwenyezi Mungu amelikemea katika Suratul Mutaffifin, akiwaonya wale ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia watu hupunguza. Mkulima asiyetaka kudhulumiwa katika gunia, naye asimdhulumu mlaji katika tunda. Uadilifu ni mzani wenye visahani viwili.

La nne ni haki ya maskini. Wengi huniuliza kama mboga zina zaka. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu katika pwani na bara ya Afrika ya Mashariki, zaka ya mazao iko katika chakula kikuu kinachowekeka akiba, kama mahindi na maharage, kikifika nisabu ya wasaki tano, yaani pishi 300 za Mtume: sehemu moja katika kumi kwa kilichonyweshwa na mvua, na sehemu moja katika ishirini kwa kilichonyweshwa kwa taabu ya kuteka maji. Nyanya na stroberi hazimo. Lakini fedha zake zikifika nisabu na zikakaa mwaka, hizo zina zaka ya fedha. Imamu Abu Hanifa yeye ameona kwamba karibu kila kitokacho ardhini kina haki yake. Hata hivyo, mtu asijifiche nyuma ya hesabu. Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Suratul Qalam habari za wenye shamba walioapa kwamba watavuna alfajiri kimya kimya ili maskini asiingie, wala hawakusema inshaallah. Wakaamka wakakuta shamba lao limefagiliwa usiku. Kikapu kimoja cha kabichi kwa mjane wa jirani hakipunguzi msimu.

La tano ni kwa vijana. Msidharau jembe mkadhani elimu ni kalamu peke yake. Na msidhani kwamba dini iko msikitini, na shamba ni mahali pa kuiacha mpaka mrudi. Hadithi ya fungu la nafaka haikusemwa juu ya mimbari. Ilisemwa sokoni, mkono wa Mtume s.a.w. ukiwa umeloa.

Na la mwisho ni kwetu sisi akina baba na waalimu. Watoto wetu husikia tusomayo, lakini huandika moyoni yale tutendayo. Mimi nilimfundisha binti yangu juu ya vikopo vya stroberi, ambavyo hasara yake ilikuwa shilingi mia chache, nikajiona mwema. Mungu akanipima kwa shilingi laki tatu na sitini, nikayumba, na kama si bakuli la mke wangu ningalianguka. Uaminifu wa vitu vidogo ni mazoezi; mtihani wenyewe huja jioni ukiwa na deni, na lori likingoja barabarani.

Kila nyumba ina mistari yake miwili nyuma ya jiko. Mwenye duka ana unga anaouchekecha kwa ajili ya watoto wake na ule anaouuza. Mwenye ng'ombe ana maziwa ya nyumbani na yale ya kuchanganya maji. Fundi ana nyumba ajengayo kwa ajili yake na ile ajengayo kwa ajili ya watu. Kila mmoja wetu na aitazame mistari yake miwili, ajiulize kwa nini ameitenga.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, aibariki ingawa ni chache, atuepushe na kuwalisha waja wake lile tusiloliridhia kwa watoto wetu, na azinyeshee ardhi zetu mvua ya rehema isiyokuwa ya maangamizi. Amin.